Friza ya samaki yenye digrii 6535.6

Wikendi nzima imenipotea kwa sababu ya baiti tano ambazo hata sikuziandika mimi. Jamaa yangu mmoja anauza samaki, akaniomba nimfungie kifaa cha kumuonyesha joto la friza kwenye simu, nikamwambia hiyo kazi ya nusu siku tu bana. Arduino Uno, bodi ndogo ya kompyuta, inasoma sensa, inatuma kwa waya kwenda ESP32, bodi nyingine yenye Wi-Fi, hiyo ndo inarusha kwenye intaneti (Uno inatoa volti 5 na ESP32 inataka 3.3, usisahau rizista mbili za kushusha volti hapo katikati, utaunguza kitu).

`struct` yangu (furushi la data kwenye kodi) ina vitu vitatu, namba ya kifaa `uint8_t`, muda `uint32_t`, joto `int16_t` (hii inakubali hasi). Moja, nne, mbili, jumla baiti 7. Huku naituma nzima nzima na `sizeof` (inayosema furushi lina baiti ngapi), kule napokea na `sizeof` hiyo hiyo, faili la heda ni lile lile pande zote, sasa kosa litoke wapi?

Pakiti ya kwanza namba ya kifaa sawa, muda wa ajabu ajabu. Ya pili ikadai imetoka kifaa namba 76, na mi nina kifaa kimoja tu! Nikabadili waya, nikashusha spidi mpaka 9600, nikamtukana kimoyomoyo aliyeniuzia waya. Saa nane usiku ndo nikaprinti `sizeof`: Uno 7, ESP32 12. Nikacheka peke yangu kama chizi.

Kumbe Uno ni chipu ya biti 8, inabananisha tu. ESP32 ni biti 32, kompaila (inayotafsiri kodi kwa ajili ya chipu) inataka namba ya baiti nne ikae kwenye anwani inayogawanyika kwa nne, kwahiyo baada ya namba ya kifaa inachomeka baiti tatu tupu, na mwishoni mbili tena. Matokeo yake mpokeaji anakula pakiti nzima halafu anadokoa baiti tano za inayofuata.

Watu watakwambia weka `packed` (inayokataza baiti tupu) yaishe. Sikatai, hapa ingefanya kazi, ila mpangilio wa baiti (ipi itangulie) bado unaamuliwa na chipu, na ukichukua pointa (anwani) ya kitu cha ndani ukaisoma kwenye chipu kama Cortex-M0 inazimia hapo hapo. Mi sasa nakata namba kuwa baiti, naandika moja moja kwa mkono:

```
b[0] = p->id;
b[1] = p->muda >> 24;
b[2] = p->muda >> 16;
b[3] = p->muda >> 8;
b[4] = p->muda;
b[5] = (uint16_t)p->joto >> 8;
b[6] = p->joto;
```

Inachosha macho lakini najua kila baiti imekaa wapi.

Nikawasha, simu ikasema friza ina digrii 6535.6. Jamaa akaniuliza, "Kwahiyo samaki washaiva?"

Joto nalizidisha kwa kumi kabla ya kulituma, kwahiyo -18.0 inakuwa -180, kwa baiti mbili za heksadesimali ni FF 4C (ile 76 ya jana ndo hii 4C, ilikuwa inanichungulia muda wote). Kule nikaziunga nikatia kwenye `int`, ambayo kwa ESP32 ina biti 32, ikabaki 65356 chanya. Dawa yake neno moja tu:

`joto = (int16_t)((b[5] << 8) | b[6]);`

CRC (namba ya kuhakiki kama pakiti imefika salama) bado sijaweka, wala baiti ya kuanzia pakiti, ukichomoa waya katikati mambo yanavurugika mpaka uzime uwashe. Wiki ijayo ntarudi kumalizia, maana jamaa kashanilipa, changu wawili wakubwa.