Vitafunio vya mbwa wa shamba, msimu kwa msimu

Shambani kwetu, nje kidogo ya mji wa Wete kisiwani Pemba, tunaye mbwa anayelinda karafuu zinapoanikwa juu ya majamvi, na kwa miaka minne sasa nimekuwa nikimtengenezea vitafunio vyake mwenyewe kila msimu unapobadilika. Mama aliponikuta kwa mara ya kwanza nikimchemshia maini aliniuliza, "Mwanangu, na mbwa naye wampikia ya sikukuu?" Nilimkumbusha kwamba mbwa wa kulinda shamba, wa mifugo na wa kuwindia ameruhusiwa katika hadithi za Mtume (S.A.W.). Nilimwonyesha pia kwamba sufuria yake iko mbali, kisu chake mbali, na bakuli lake halivuki kizingiti cha jiko. Sisi ni Mashafii, na chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo, kwa hiyo kumtengea vyombo vyake kulikuwa jambo la kwanza kabla ya mapishi yoyote.

Kilichonisukuma ni Idi moja ambapo mgeni wetu, kwa wema wake, alimrushia mbwa kipande kikubwa cha halua, naye akatapika usiku kucha. Daktari wa mifugo alianza kwa kuuliza alichokula, na hapo ndipo nilipojifunza kwamba kungumanga, ambayo aghalabu hutiwa katika halua, ina kemikali iitwayo miristisini inayodhuru ubongo na mishipa ya fahamu ya mbwa ikizidi. Tangu siku hiyo nimevitazama vyakula vyetu vya sikukuu kwa jicho jingine. Zabibu kavu za kwenye biriani zinaweza kumharibu mbwa figo, na asidi ya tartariki inayoshukiwa kuleta madhara hayo imo pia katika ukwaju. Vitunguu maji na vitunguu saumu, viwe vibichi au vilivyopikwa, huvunja chembe nyekundu za damu yake, kwa hiyo ukoko wa pilau, ambao watoto hupenda sana kumpelekea, haumfai hata kidogo.

Basi Idi Kubwa inapofika, huchukua ini kidogo, nikalichemsha bila chumvi wala viungo, nikalikata vipande vidogo kama ncha ya kidole, kisha nikavikausha taratibu juu ya makaa yaliyofifia mpaka viwe vikavu kabisa. Humpa vipande vichache tu kwa siku, kwa kuwa ini lina vitamini A nyingi mno.

Dagaa huhitaji subira zaidi. Wavuvi huwafuata kwa taa nyakati za giza, mwezi unapokuwa haupo, na wengi wao huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, kwa hiyo huwaroweka usiku mzima na kubadilisha maji mara mbili au tatu, kisha nikawaanika upya. Nikiwapata wabichi waliokaushwa juani bila kuchemshwa, hufurahi zaidi, ingawa hao nao huwaosha vizuri kutoa mchanga.

Wakati wa kipupwe, maboga na viazi vitamu vinapopatikana kwa wingi, hupika biskuti: kikombe 1 cha boga lililochemshwa na kupondwa, vikombe 2 vya unga wa ngano na yai 1, bila sukari, bila hiliki. Hukanda, nikasukuma, nikakata, kisha nikaoka kwa moto wa juu na chini kama tunavyooka mkate wa kumimina. Zikiwa laini ndani huota ukungu upesi katika unyevu wa kisiwani, kwa hiyo huzirudisha motoni mara ya pili. Viazi huvikata vipande vyembamba tu na kuvikausha.

Vyote hivyo havizidi asilimia 10 ya chakula chake cha siku.

Kaskazi inapovuma na jua kuwa kali, ni zamu ya maembe. Humenya boribo lililoiva, nikatupa kokwa mahali asipofika, kwani linaweza kumkaba au kumziba utumbo, kisha nikagandisha vipande vya nyama yake katika maji matupu. Humpelekea mchana chini ya mkarafuu, naye hulala akiukumbatia ule mgando kwa miguu ya mbele na kuuramba mpaka maji yaishe mchangani.