Kumfuata furukombe kwa fokasi, Ziwa Naivasha

Nikimpiga picha furukombe, tai mla samaki, hanisumbui kwa mbio zake. Kinachonisumbua ni mafunjo yaliyo nyuma yake, kwani fokasi ya kamera hukimbilia penye mistari mingi na vivuli vikali. Ikishika majani mwanzoni, hubaki na majani mpaka ndege amnyakue samaki tuliyemtupia kutoka botini.

Kwa hiyo kazi kubwa naifanya ndege angali mtini. Naweka fokasi endelevu, inayomfuata ndege akisogea (AF-C, au kwa Canon Servo AF), nawasha utambuzi wa ndege, na eneo la fokasi naliweka la wastani: nukta moja humkosa, fremu nzima huokota kila kitu. Swichi ya lenzi naiweka isihangaike kutafuta vitu vya karibu. Kasi ya shata ni sekunde 1/3200, tundu la lenzi f/6.3, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ni otomatiki isiyozidi 6400. Fidia ya mwanga naishusha hadi -0.7, la sivyo juani kichwa chake cheupe huungua pichani, kikabaki weupe mtupu.

Kisha kuna mpangilio wa ung'ang'anizi, yaani kamera ivumilie kiasi gani kitu kikikatiza mbele. Watu huuweka kinyume kwa sababu namba hazifanani: mwisho wa kung'ang'ania ni 1 kwa Sony, 5 kwa Nikon, -2 kwa Canon. Natumia 2, 4 na -1, ili maji yanayoruka kucha zikigusa ziwa yasiibe fokasi.

Nahodha wa boti namwomba aweke jua na upepo mgongoni mwetu, maana ndege hupenda kushuka akiukabili upepo, na samaki amtupe mita 20 hivi, penye maji matupu nyuma. Samaki mmoja au wawili watosha. Kumzoesha ndege wa porini kulishwa si jambo la kujivunia.

Nafokasi kwenye tawi alipotua. Akiruka, nabonyeza kitufe cha fokasi kilicho nyuma ya kamera kwa kidole gumba, naachia, nabonyeza tena, hadi atoke mbele ya miti. Hapo ndipo nashikilia. Fokasi ikihamia mafunjoni, achia kabisa, mrudishe ndege katikati ya eneo, bonyeza upya. Kuendelea kushikilia hakusaidii, kwa kuwa umeiagiza kamera ing'ang'anie.

Mfululizo wa picha nauanza anaponyoosha miguu mbele. Ukiwahi, kumbukumbu ya muda ya kamera hujaa na kamera husita samaki anaponyakuliwa. Na kama kihisi cha kamera yako husoma picha polepole, tumia shata ya kimakanika. Ile ya kielektroniki hupinda mabawa.