Mbona tui langu linakatika?

Wiki hii swali hili nimeulizwa mara tatu, na mara zote muulizaji alikuwa na sufuria motoni. Binti wa jirani alipiga hodi upawa mkononi. Wifi yangu anayeishi Dodoma alinitumia ujumbe wa sauti: "Wifi, limekatika tena, nifanyeje?" Wa tatu ni kijana wa bodaboda wa kijiwe chetu hapa Ngamiani, Tanga. Mkewe yuko ndani ya arobaini, na mpishi wa nyumba sasa ni yeye. Aliuliza kwa aibu. Mimi sioni aibu yoyote kwa mume anayetaka mzazi wake ale vizuri, na nilimwambia hivyo.

Basi nijibu kwa kirefu.

Tui ni maji na mafuta yaliyoshikana. Kinachoyashikanisha ni protini ya nazi, na moto ukizidi protini hiyo huganda kama ute wa yai. Ikishaganda, mafuta yanajitenga na kupanda juu, chini unabaki na maji yenye chembechembe nyeupe. Ndimu, ukwaju na birimbi hufanya kazi hiyohiyo hata kwa moto mdogo. Wengi huilaumu nazi, na mara nyingi nazi haina kosa.

Mimi nilijifunza kwa uchungu. Ramadhani yangu ya kwanza ukweni niliachiwa mchuzi wa changu. Nikatia tui zito, nikafunika sufuria, nikaenda kuwasha jiko la pili. Niliporudi mfuniko unarukaruka. Mama mkwe alifunua, akaangalia, hakunigombeza. Aliteka mchuzi kwa upawa, akauinua kiasi cha shubiri moja, akaumimina tena taratibu, akateka tena. "Tui halifunikwi, mwanangu," akaniambia. "Wala haliachwi peke yake." Mchuzi ule haukurudi kuwa laini, lakini mkono wake ule naukumbuka kila ninapopika cha nazi.

Hivi ndivyo nifanyavyo. Nachagua nazi iliyokomaa, ukiitikisa unasikia maji yanacheza ndani. Koroma naliacha, tui lake jepesi mno. Nikishaikuna natia kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, nakamua, nachuja, naweka kando: hilo la kwanza. Maji yawe ya uvuguvugu kweli, kwa sababu mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na ukikamulia maji ya friji mengi yanabaki kwenye chicha. Chicha ileile naitia vikombe viwili vingine, napata tui la pili.

Hilo la pili ndilo la kumpikia samaki, pamoja na kitunguu, nyanya, bizari na birimbi. Likikatika si neno, mafuta yake ni machache. Samaki akishaiva napunguza moto ndipo namimina la kwanza, na hapo siondoki. Nateka na kumimina, nateka na kumimina, mpaka lianze kutokota pembezoni mwa sufuria. Naepua. Chumvi naionja wakati huo, na anayetaka ndimu anakamulia sahanini mwake.

Wako wanaosisitiza ukoroge upande mmoja tu. Nimekoroga kulia na kushoto miaka mingi na halijawahi kukatika kwa sababu hiyo. Hukatika kwa moto mkali na mkono uliosimama.

Na likishakatika, wifi yangu, usilimwage. Epua, ongeza tui bichi kidogo kama lipo, ukoroge kwa nguvu. Halitakuwa kama mwanzo, ila utamu haujaenda popote.

Mengine nayapitia haraka. Jirani yangu wali wake umekuwa bokoboko: alinunua mchele mpya wa Mombo akautilia tui kwa kipimo cha mchele uliokaa. Mchele mpya haunywi maji mengi. Anza na pungufu, unyunyize ukiona unahitaji, kisha palia makaa juu ya mfuniko uive kwa mvuke wake. Mbaazi zisizolainika, aliyeniuliza alitia nyanya mapema. Uchachu huzifanya zibaki ngumu. Zichemshe peke yake mpaka zibonyee kwa vidole, ndipo nyanya ziingie. Na mchuzi ukizidi chumvi, kile kiazi mnachoambiwa mtumbukize kinanyonya mchuzi pamoja na chumvi yake, mchuzi uliobaki ni mkali vilevile. Ongeza tui la pili, ndiyo dawa.

Jana baada ya magharibi kijana wa bodaboda alisimamisha pikipiki mlangoni kwangu, mkononi bakuli lililofunikwa sahani. Vibua alivinunua soko la samaki la Deep Sea asubuhi, akavikaanga kidogo kabla ya kuvitia kwenye tui, jambo ambalo mimi sikumwambia na amefanya vyema, havikuvunjika. Tui lilikuwa limeshikana, laini mpaka ukingoni mwa bakuli. Chumvi ilipungua, nikamwambia. Akauliza kama mzazi anaweza kutiliwa pilipili. Nikamjibu amuulize mwenyewe, maana yeye ndiye anayekula, na arudi kesho kuchukua bakuli lake nitamwekea chicha kidogo ya kumpikia kisamvu.