Sokwe wangu wa kijivu

Mara ya kwanza nilirudi Kigoma mjini kutoka Hifadhi ya Gombe na picha za sokwe wa kijivu, majani nyuma yao meupe pe. Nikailaumu lenzi bure. Kumbe kamera ikiona manyoya meusi yamejaa kwenye fremu hudhani kuna giza, inaongeza mwanga yenyewe.

Safari ya pili nilipunguza mwanga kwa stopu moja, yaani nusu, nikapiga RAW (picha ghafi, rahisi kurekebisha baadaye) badala ya JPEG, nikasubiri sokwe ageukie ziwani, maana jua la alasiri linatokea huko. (Flashi sahau, haifai mbele ya sokwe.) Nyumbani, wakati wa kuhariri, nikainua vivuli, yaani kung'arisha sehemu za giza, kidogo tu. Mikunjo ya vidole ikajitokeza, hata kipande cha jani kilichonata mdomoni! Rangi ya kijani niliipunguza. Ikizidi, msitu unafanana na zulia la plastiki.