Hata muuza samaki

Tangu Jumanne neno moja limenikwama kooni kama mwiba wa changu.

Mnakijua chumba chetu cha chai pale kliniki, hapa Maskati, kile kisicho na dirisha. Niliingia saa nne kuchemsha maji nikamkuta Sista wa Kerala (kusini mwa India) yuko kwenye simu, kajiinamia, sauti ya chini kabisa: "Pole, pole, pole..." Nikasimama na birika mkononi mpaka akamaliza.

"Mwanao kaumia, Sista?"

"Hapana. Kwa nini?"

"Nimesikia ukimpa pole."

"Nikimpa nini?"

"Pole. Umesema pole, pole."

Akacheka. "Mole," akasema, akabana midomo kusudi niione ile M. "Mole. Binti yangu. Hataki kula, ndio nambembeleza."

"Na hilo ni neno la mama kwa mwanawe tu?"

"Aa, la kila mtu. Msichana yeyote. Hata muuza samaki akipita mlangoni atakuita mole."

Nikasema ahaa. Nikatia majani ya chai mara mbili.

Wiki hii shemeji kajifungua salama mtoto wa kiume, mkataba wangu umeongezwa miaka 2, na mvua imenyesha Maskati mpaka wadi (bonde la mto mkavu) ikajaa maji na kukata barabara tukalala kazini. Hayo siku nyingine. Leo ni muuza samaki.

Wa zamani humu mnajua kwamba niliwahi kufika Amritapuri, makao ya guru (mwalimu wa kiroho) mmoja huko Kerala. Niliandika juujuu kwa sababu Shangazi alikuwa bado anasoma hapa, na Shangazi kila kitu kisichokuwa maulidi ni shirki. Ameacha kusoma, anaangalia tamthilia za Kituruki, kwa hiyo nasema.

Nilipokwenda Pune, India, kusomea uhasibu sikuwa na haja na guru yeyote. Ila mji ule una wanafunzi na una watafutaji, na wakati mwingine ukiwa wa kwanza unateleza kidogo unakuwa wa pili. Watafutaji walikuwa mtaa wa Koregaon Park, Wajerumani na Wajapani kwenye kanzu za rangi ya damu ya mzee, wanakwenda kwa guru Osho ambaye alikwishakufa tangu 1990. Nilifika mpaka kaunta. Ili uingie ilikuwa sharti upimwe Ukimwi kwanza, kisha uwe na kanzu ya damu ya mzee ya mchana na kanzu nyeupe ya jioni. Nikapiga hesabu, nikaona ni chakula changu cha mwezi. Nikapanda bajaji (ambazo kwao ndiko huko huko Pune) nikarudi hosteli kula dengu.

Puttaparthi nilikwenda likizo ya mwaka wa pili. Sathya Sai Baba naye alifariki 2011, kwa hiyo nililolikuta ni kaburi la marumaru nyeupe ndani ya ukumbi alimokuwa akipokea watu, wanawake huku, wanaume kule, jambo lililonituliza kidogo, na picha zake kila ukuta na zile nywele zake za mviringo kama mpiga gitaa wa miaka ya sabini. Mzee mmoja wa duka alipojua natoka Tanzania akashika kifua: Swami (ndivyo wanavyomwita Sai Baba), maisha yake yote, alitoka nje ya India mara moja tu, 1968, na safari yenyewe ilikuwa ya kwetu, Afrika Mashariki. Akanipunguzia bei ya mtandio. Wapo waliomtuhumu makubwa na wapo watakaokuonyesha hospitali yake inayopasua watu moyo bila kutoza senti. Mie sikwenda kusikiliza kesi. Nilitaka kitu kinitokee. Kilichonitokea ni miguu kufa ganzi.

Ya Tiruvannamalai ndiyo nilimdanganya Bibi, Mungu anisamehe. Nilimwambia nakwenda Ajmer kumzuru Khwaja Moinuddin Chishti, maana Khwaja anamjua na anamsomea Fatiha. Ajmer iko kaskazini na mie nilishuka kusini kabisa, lakini Bibi na ramani hawajuani. Pale ni kwa Ramana Maharshi, aliyekuwa na miaka 16 alipolala sakafuni nyumbani kwa ami yake, Madurai, akajikaza kama maiti ili ajue hasa kinachokufa ni nini. Wiki chache baadaye, 1896, akachukua rupia 3 kwenye ada ya kaka yake, akaacha barua, akaenda mlima Arunachala, na hakuondoka tena mpaka alipofariki 1950. Hakuwa na mengi ya kufundisha. Alikuwa na swali: mimi ni nani? Unakaa katika chumba cha zamani, mbele ya kochi lake, nje tausi wanapiga kelele juu ya paa, na wewe unajiuliza.

Nilijiuliza siku 5. Tatizo ni malezi. Kwetu mtu akipiga hodi, wa ndani akauliza "nani?", jibu ni "mimi", na mlango unafunguliwa. Hakuna aliyewahi kuendelea hapo.

Kitu kilichonigusa kule kilikuwa habari ya mama yake. Alimfuata mlimani, akamlilia arudi nyumbani, na kijana hakufungua mdomo. Alimwandikia tu kwamba lililoandikwa litakuwa. Miaka mingi baadaye mama akahamia kwake, akafia kwake 1922, na ashramu (makao ya wafuasi) ikaota pale palipo kaburi lake. Kaburi nililipenda. Ile karatasi mpaka leo sijamsamehe.

Halafu ikaja 2018, na msiba wa baba yangu.

Mnajua. Alifariki Alhamisi alfajiri, wakamzika baada ya adhuhuri, na mie saa nane nilikuwa kwenye chumba cha mtihani Pune naandika urari wa hesabu. Sikukalia tanga. Rambirambi zangu zilikuja kwenye simu, ujumbe zaidi ya mia, nikizisoma kitandani, wenzangu wawili wa chumba wamekaa kimya kwa heshima, maana hawakuwa na neno. Mmoja alinipa la Kiingereza, lile lile alilonipa siku alipovunja kikombe changu. Hakuna mtu mwenye mdomo na pumzi aliyenambia pole. Ni neno dogo. Unamwambia mtu aliyejikwaa, aliyetoka kazini, aliyefiwa. Nilikuwa nikilitamani kama mjamzito anavyotamani udongo.

Ndipo nikaenda Amritapuri. Treni ya Kayamkulam ilikwenda siku nzima na zaidi. Kisha bajaji, kisha daraja la miguu juu ya maji yaliyotulia, ng'ambo yake majengo marefu ya rangi ya waridi katikati ya minazi, na nyuma ya minazi, bahari. Nilikuwa sijanusa chumvi miezi mingapi! Nadhani machozi yalianza pale darajani, kwa hiyo hesabu ya nani alinifanya nini ilikwishavurugika kabla sijamfikia mtu.

Mata Amritanandamayi, Amma kwa walio wake, kazi yake ni kukumbatia watu. Unapewa tokeni, hulipi kitu, unakaa kiti cha nyuma, na kila mmoja akiondoka mbele wote mnasogea kiti kimoja, kama tunavyosogeza wagonjwa wa meno. Saa zikapita kwa ngoma na nyimbo na spika. Ukikaribia unafutwa uso kwa tishu na msaidizi anakuuliza lugha yako, maana Amma humnong'oneza mtu kwa lugha yake. Nikasema Kiswahili. Akauliza tena. Kiswahili! Akageuka upande wa pili. Kisha mkono ukanishika kisogo, uso ukazama kwenye bega jeupe linalonukia waridi, na sikioni, haraka haraka, kwa sauti nzito: pole-pole-pole-pole-pole.

Nikalia kilio cha msibani, kile cha kwikwi, kilichokuwa kimekaa tangu ile Alhamisi. Wakaninyanyua, wakanitia mkononi peremende na kipakiti cha majivu, wakaniketisha pembeni. Peremende niliila mwaka huo huo. Karatasi yake imo kwenye Yasini yangu, ukurasa wa mwisho. Shangazi asijue.

Sasa Sista ananambia ni mole.

Tangu Jumanne nalirudia lile zungumzo nikioga, nikiendesha, nikimwandikia mgonjwa siku ya kurudi. Mbona niliuliza swali la pili? Ningeishia kwenye "binti yangu" ningetoka na kitu mkononi. Ni mie niliyekwenda kumtafuta muuza samaki. Najaribu kujitetea: huyu Amma alishafika Kenya, huenda kalisikia neno; huenda yule msaidizi alimnong'oneza. Halafu naiona ile midomo ya Sista inavyobana. M.

Na hata kumweleza kwa nini nilinyong'onyea sikuweza. Jumatano nilijaribu. "Pole ni neno la kumwambia mtu aliyepata shida."

"Kama kumwomba radhi?"

"Siyo radhi. Mtu akianguka unamwambia pole."

"Kwa nini? Wewe ndiye uliyemsukuma?"

Nikakosa jibu. Jioni nikampigia Dada yangu, kule Kikwajuni, Unguja, nikitaraji huruma. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha: "Yaani ulipanda treni siku nzima ukaitwe binti na mwanamke asiyekujua, na Mama yuko hapa ukumbini anakuita mwanangu kila siku na simu zake hupokei?" Nikacheka mpaka nikakohoa. Sikucheka hivyo tangu mvua.

Na usiku, kitandani, likanijia jambo ambalo nilikuwa nalijua siku zote. Amma mwenyewe kwao ni watu wa samaki. Kazaliwa kijiji kile kile, familia ya wavuvi. Kwa hiyo Sista hakunivunjia kitu, alinitajia tu nani alikuwa akisema. Sijui kwa nini hilo limenipoza, lakini limenipoza.

Alhamisi Sista kaleta unniyappam, ambavyo ni vitumbua vilivyotiwa ndizi na wala msibishane nami, hata kikaango chake kina vishimo vile vile. Akanisogezea sahani: "Mole, kula, umekonda." Nikala vinne. Alipokuwa anatoka akajikwaa kwenye ndoo ya kudekia, na mie kabla sijafikiri: "Pole!"

Akageuka, mkono kiunoni. "Hukunisukuma wewe."

Basi tumekuwa na mchezo wetu, na wale wa mapokezi wanatuona wehu.

Sasa nina shida nyingine. Jumatatu nakwenda Unguja kumwona mtoto, na ndege inanipa kilo 30. Nimepima na mizani ya bafuni: nguo na ubani na halua zimefika 34, na zile sufuria za shaba za Mama bado ziko kwenye boksi, sebuleni, hazijapimwa.