Siku moja maishani mwangu: kuusafisha msitu wa matsutake

Saa 1:00 asubuhi. Ni Februari, Tamba, mkoani Kyoto, Japani. Njia bado ina barafu tunapopandisha reki na misumeno mlimani. Matsutake, uyoga wa porini unaoota chini ya misonobari, huvunwa Septemba na Oktoba, lakini mavuno yenyewe yanategemea kazi ya miezi hii ya baridi.

Saa 2:00. Tunafyeka miti midogo ya majani mapana iliyojisonga chini ya misonobari myekundu. Wageni hushtuka, maana wamezoea kusikia kwamba kuhifadhi msitu ni kuuacha kama ulivyo. Huu ukiachwa, uyoga unatoweka. Matsutake huishi kwenye mizizi ya msonobari: uyoga huupa mti maji na madini, mti nao huulisha uyoga sukari, na ushirika huo hustawi kwenye udongo usio na rutuba. Zamani wanakijiji walizoa majani makavu ya kutia mashambani na kuokota kuni, udongo ukabaki hivyo. Gesi na mbolea za viwandani zilipoenea baada ya Vita vya Pili vya Dunia, watu wakaacha kupanda mlimani. Mwaka 1941 Japani ilivuna takriban tani 12,000. Miaka ya karibuni mara nyingi hazifiki hata 100. Tangu 2020 matsutake umo kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, miongoni mwa viumbe vilivyo hatarini.

Saa 4:00. Kazi niipendayo kuliko zote: kukwangua. Juu kuna sindano kavu za msonobari, chini yake tabaka jeusi lililooza na kushikamana, kisha mchanga wenyewe. Nikikaribia shiro, ule utando wa nyuzi za uyoga ardhini, naweka reki kando na kutumia vidole. Udongo hapo ni mkavu, wa kijivu cheupe, unapukutika kama majivu.

"Inatosha, mwanangu," mzee anayetuongoza ananiambia. "Hapo usipaguse tena."

Shiro hutanuka sentimita 10 hadi 15 tu kwa mwaka. Na kwa kuwa hakuna aliyefanikiwa kuulima matsutake kibiashara, shiro ikivurugwa huna pa kununua nyingine.

Saa 6:00. Chakula. Tunakula haraka, baridi haituachi tukae.

Saa 7:00 mchana. Misonobari iliyokufa. Inaniuma kila nikiiona, sindano zote zimegeuka rangi ya kutu. Muuaji ni mnyoo usiofika hata urefu wa milimita moja, uliotoka Amerika Kaskazini na kubebwa na mbawakawa kutoka mti hadi mti. Huziba njia za maji ndani ya shina. Tunaangusha mti, tunaukata vipande, tunauteketeza pamoja na matawi yake. Ukibaki tawi moja lenye funza wa mbawakawa, kazi yote ni bure.

Saa 10:00 jioni. Tunafunga utepe kwenye misonobari ya kuangushwa kesho, upande wa kusini wa kilima. Yote iwe imeondoka kabla ya Mei, mbawakawa hawajatoboa magome wakaruka.