Mibono, tena?

Mdogo wangu kanipigia usiku. Ana shamba huko Kilwa, na kuna watu wamepita kijijini wakihamasisha kilimo cha mibono (jatropha), mbegu za mafuta ya magari. "Kaka, nipande au nisipande?" Nikamwambia nipe siku mbili, maana jibu la haraka lingekuwa tusi.

Sisi tuliokuwa watu wazima mwaka 2008 tunaikumbuka homa ya mibono. Mafuta ghafi yalipita dola 140 kwa pipa, na ghafla mti wa uzio, ambao hata mbuzi haugusi kwa sababu ya sumu yake, ukaitwa dhahabu ya kijani. Ulisifiwa kwamba unaota popote, hata kwenye ardhi kame. Kuota unaota kweli. Kuzaa ndiyo habari nyingine: bila maji na mbolea unapata majani mengi na mbegu za kuhesabu.

Kisarawe, kampuni ya Kiingereza ilipewa zaidi ya hekta 8,000 zilizokuwa za vijiji 11, kwa miaka 99. Hati ilitoka 2009. Kufika 2011 kampuni ilikuwa hoi, vibarua wamerudishwa nyumbani. Kilwa kwenyewe Waholanzi walichukua eneo kubwa kuliko hilo, lenye msitu wa asili ndani yake, nao wakaondoka. Kinachoniuma zaidi ni hesabu ya ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ili mwekezaji wa nje apewe, ardhi ya kijiji huhamishwa kwanza iwe ardhi ya jumla, yaani iliyo chini ya serikali kuu. Mradi ukifa, hairudi yenyewe kwa wenyewe. Mzee aliyekubali kwenye mkutano mkuu kwa ahadi ya kisima na zahanati anabaki kuangalia vichaka.

Nimewahi kuvuna mbegu za mibono kwenye ua wa shangazi. Tawi moja lina matunda mabichi, ya njano na meusi kwa pamoja, kwa hiyo unarudi kila mara, unachuma moja moja, kisha unapasua maganda kwa dole gumba mpaka kucha zinauma. Kilo nne au tano za mbegu ndizo zinatoa lita moja ya mafuta kwa mashine ya kawaida. Mnunuzi naye anataka bei ishindane na dizeli ya kituoni. Piga hesabu ya kibarua wako hapo.

Linganisha na alizeti ya Singida. Ukikamua unapata mafuta ya kupikia, na mashudu yanakwenda kwa ng'ombe na kuku. Mashudu ya mibono ni sumu, labda uyafanye mbolea. Nani basi mwenye akili ataacha alizeti? (Na mafuta ya alizeti hakuna atakayeyatia kwenye trekta, jikoni yanalipa zaidi.)

Sisemi nishati ya mimea ni utapeli. Mibono kwenye mpaka wa shamba, mbegu zikakamuliwa hapohapo kwa sabuni au kuendesha injini ya kusaga, hiyo inawezekana, na kuna vikundi Arusha vilifanya. Lakini macho yangu yako kwenye molasi. Miwa tayari imelimwa, sukari imetoka, kinachobaki kinachachushwa kuwa spiriti. Kiwanda cha sukari cha Kilombero wanafanya, ingawa nyingi inaishia kwenye chupa za pombe. Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo 2034, na Dar bado inanuka mkaa. Jiko la spiriti lingepata wateja, bei ikiwa karibu na ile ya kopo la mkaa. Kwa sasa ndipo linapokwama.

Nimemwandikia mdogo wangu asubuhi hii: waulize nani atanunua, kwa bei gani, na imeandikwa wapi. Panda kwenye mpaka tu, ufuta ubaki katikati. Na wakitaja kukodi shamba lote, usisaini chochote kabla sijafika.